Mukene Wameniharibia Neno

Jumanne, Busia

SMMA. Tangu Jumapili nimebeba neno ambalo halipo.

Redio ya upande wa Kenya ilitoa vitendawili vinne. Herufi za kwanza za majibu zinaunda neno moja, na atakayelipata kwanza atasomeshwa kompyuta bure. Tangu nimalize shule sina mpango mwingine.

Sindano, moshi na asali sikuvitilia shaka. Cha pili kilisema, "Tu wadogo, tunaanikwa juani, tunapimwa kwa mkebe." Mukene, basi, ndivyo sisi wa Uganda tunavyowaita dagaa. Shangazi anawauza, mimi ndiye ninayewaanika!

Leo mama mmoja Mkenya akaja kibandani. "Omena ni pesa ngapi?"

"Omena yako hii hapa, mama, safi kabisa," Shangazi akamjibu, mkono ukiwa ndani ya mukene wetu.

Nikamwaga mkebe mzima.

"We Athieno, umelogwa?"

SOMA. Nimetoka shule juzi tu, na redio inaniambia nisome.

Nikachukua simu ya Shangazi, nikajificha nyuma ya magunia, nikapiga. Mtangazaji aliposikia jibu alishangilia, kisha akauliza, "Unaitwa nani, mrembo?"

Nikakata simu.

Jioni wametangaza kwamba mshindi apige tena kesho asubuhi aseme jina, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Shangazi alicheka sana. "Mtu anajua yote, jina lake ndilo limemshinda!"

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Naitwa Athieno, natoka Rubongi. Kioo hakijaniuliza chochote, na bado sauti imetetemeka.