Mama wa Mhandisi Lutfi

Tanta, 20 Februari 1986

Kaka yangu Lutfi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na yale mafua yako ya kila baridi yameshakuacha. Mimi huku sijambo, ila magoti yananisuta kila nikipanda ngazi, na ngazi zenyewe ndizo zile zile, hawajazipunguza.

Mama tumemzika vizuri. Usijitese kwa kuwa ulinyimwa ruhusa huko Kuwait, simu yako ya upepo ilisomwa mbele ya watu wote na kila mtu alikuombea. Hema la wanaume lilijaa mpaka likaziba njia. Wanawake walikuja siku tatu mfululizo, na kahawa chungu tuliyopika ingetosha kikosi cha jeshi.

Nimekukatia tanzia iliyotoka gazetini. Niliiandika mwenyewe, maana siwaamini wajomba, wangesahau nusu ya ukoo: "Amehamia kwenye rehema ya Mwenyezi Mungu Hajjat Zakiyya Mansi, mjane wa marehemu Hasan al-Hinnawi wa shirika la reli, mama wa Mhandisi Lutfi al-Hinnawi aliyeko Kuwait, dada wa marehemu Sabri Mansi, jamaa na wakwe wa koo za Mansi, Hinnawi na Abu Shusha." Iko juu kabisa ya safu ya pili, mahali pazuri.

Kuna jambo moja nikuulize. Siku ya tatu alikuja bibi mmoja mrefu, mwembamba, mtandio mweusi umempendeza kama malkia. Akakaa karibu na mlango. Hakuna aliyemjua. Alikunywa kahawa yake, akasikiliza Kurani mpaka mwisho, kisha akanishika mkono akasema, "Mungu amlipe kwa kumlea." Kumlea nani? Kabla sijafungua mdomo aliuliza gari la mwisho la Dumyat linaondoka saa ngapi, nikamweleza, akaenda zake. Wewe una watu Dumyat?

Kula vizuri, usiishi kwa chai.

Dada yako,
Galila


Kuwait, 9 Machi 1986

Dada yangu Galila,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Barua yako imenifikia pamoja na tanzia, nimeisoma nikiwa nimejifungia chumbani ili wenzangu wasinione. Mungu amrehemu Mama. Kila mtu hupata mama kwa kuzaliwa. Mimi wangu alinichagua, akanipakata nikiwa na miaka minne na kunifuta pua.

Sasa nina ugomvi na wewe. Jina lako liko wapi? Nimeigeuza hiyo karatasi mbele na nyuma. Wewe ndiye uliyemgeuza kitandani mwaka mzima, ukamlisha kwa kijiko, halafu ukaandika tanzia inayosema alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo mmoja yuko Kuwait anapima mabomba! Nimeona aibu.

Kuhusu bibi wa Dumyat: kama ni yule ninayemdhani, yule aliyenizaa, mwache. Unajua Baba alivyonieleza. Alimpa talaka nikiwa na miaka mitatu, naye akarudi kwao, akaolewa na mtu wa pesa, akapata watoto wengine, akasema asisumbuliwe. Sina cha kumwambia. Tafadhali usianze na ule upelelezi wako.

Msalimie kila anayeniulizia.

Kaka yako,
Lutfi


Tanta, 2 Aprili 1986

Kaka yangu,

Salamu nyingi, na naomba uketi. Kama umesimama, keti. Mimi sijambo, magoti yako kama yalivyo.

Nianze na ugomvi wako. Bwana mhandisi wangu, wewe unajua mabomba, tanzia huzijui. Mwanamke huko huandikwa kwa mumewe au kwa mwanawe: "mke wa Daktari fulani", "mama wa Luteni fulani". Mimi sina mume wala mwana, nina wasichana arobaini wa darasa la jiografia. Wangeniandika wapi? Hivyo ndivyo inavyoandikwa, nami sikutaka watu wamcheke Mama siku ya kifo chake.

Pili, nimeanza upelelezi. Ulijua nitaanza, la sivyo usingenikataza.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiweka kurasa za vifo chini ya kitanda, na mimi nikaendelea? Unanicheka kwamba nasoma wafu kabla ya kunywa chai. Cheka tu. Mtaa mzima ukitaka kuozesha unapanda ngazi hizi kwanza. Juzi juzi mama Rawya wa chini alileta jina la mchumba wa binti yake, kijana mtanashati, anasema hajawahi kuoa. Nikavuta ukurasa wa mwaka juzi, huyo hapo, mkwe wa marehemu mmoja wa Zagazig! Mama Rawya alishuka ngazi akiwa amevua viatu ili afike upesi. Watu hudanganya kwenye harusi, kaka. Kwenye tanzia hawathubutu, maana ukoo mzima unasoma na kalamu mkononi.

Basi nikatoa cheti chako cha kuzaliwa kabatini. Mama: Inayat Ali al-Khashabi, wa Dumyat. Mimi miaka yote nilikuwa nasoma watu wa Tanta tu, watu wa Dumyat nawaruka, wana wafu wao. Safari hii nikamwaga kurasa zote sakafuni, nikawatafuta akina Khashabi.

Mwaka 1951 alikufa Haji Ali al-Khashabi, mfanyabiashara wa mbao. Wametajwa wanawe, wakwe zake, kisha: "na babu wa kijana Lutfi al-Hinnawi wa Tanta."

Nilisoma tena kwa sauti. Wewe ulikuwa shule ya sekondari wakati huo, na watu usiowajua walikuwa wamekuhesabu kwenye msiba wao.

Mwaka 1964 akafa mwanawe: "mjomba wa Mhandisi Lutfi al-Hinnawi." Walijuaje kwamba umekuwa mhandisi? Nikakuna kichwa, kisha nikakumbuka. Baba alikufa 1962, na tanzia yake ilikutaja hivyo. Waliisoma! Walikuwa wanatusoma, Lutfi, kila alipokufa mtu wetu, ili wajue umefikia wapi.

Na huu wa mwisho, 1979, nimeufunga humu, ushike kwa vidole safi. Amekufa mama yako mdogo, mdogo wake Inayat. Dada zake wameandikwa kwa utaratibu ule ule: mke wa Haji fulani, mke wa Mwalimu fulani, na wa tatu ni "mama wa Mhandisi Lutfi al-Hinnawi". Soma kama ninavyosoma mimi. Hakuna "marehemu" mbele yake, kwa hiyo yu hai. Na hakuna mume. Angekuwa na mume angeandikwa kwa mume, angekuwa na watoto wengine wangetajwa. Hakuolewa tena. Mtu wa pesa hakuwepo. Hao watoto wengine hawakuwepo. Miaka yote hiyo gazetini hakuwa na jina lingine ila kuwa mama yako.

Sasa fikiria Februari. Bibi anafungua gazeti, anasoma: amefariki mama wa Mhandisi Lutfi al-Hinnawi. Kitu pekee alichokuwa nacho pale nimempa mtu mwingine, kwa kalamu yangu. Mwingine angekuja kutupigia kelele mlangoni. Yeye alipanda gari mpaka Tanta, akanywa kahawa chungu, akamwombea Mama. Wallahi sijaona mwanamke mwenye moyo mkubwa hivyo.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Galila


Tanta, 30 Mei 1986

Lutfi,

Natumai u mzima. Naandika hivyo kwa sababu barua huanza hivyo, lakini kwa kweli sijui, maana hujaniandikia. Mwana wa Abu Shusha amerudi kutoka huko, anasema amekuona sokoni unanunua tikiti maji. Kwa hiyo mikono unayo.

Kama umekasirika, kasirika kwa wino. Nimezoea kukasirikiwa na wasichana wa darasa la tatu, siogopi.

Nikuambie ninachoogopa hasa. Naogopa ukimpata yule utaona kwamba sisi tulikuwa mahali ulipowekwa tu. Nilifikiria kukichoma kile kipande cha 1979 badala ya kukutumia. Nilikishika juu ya jiko, nikaona ujinga, nikatafuta bahasha. Mimi nina kaka mmoja, sina akiba. Lakini yule bibi ana mwana mmoja na hajapata hata barua kutoka kwake, na kila asubuhi anafungua gazeti kukutafuta kati ya wafu. Siwezi kunywa chai yangu nikijua hivyo.

Andika.

Galila


Kuwait, 17 Juni 1986

Dada yangu Galila,

Salamu. Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Kile kipande kiko ndani ya kasha la miwani. Kila nikitaka kusoma kitu nakiona kwanza. Nilimchukia mtu huyo maisha yangu yote, na kumchukia kulikuwa rahisi kwa sababu hakuwepo kunijibu. Halafu unaniambia alikuwepo kila mara, kwenye gazeti lile lile nililokuwa nalishika mkononi! Nilikuwa naupita ukurasa wako wa vifo mbio mbio nitafute mpira. Nilipokaa na hilo nililia kama mtoto, Galila, na tikiti maji lako nilinunua ili niwe na sababu ya kutoka nje.

Nimeomba likizo, nafika Julai. Nitakuja Tanta kwanza. Twende Dumyat pamoja, mimi peke yangu sitajua niseme nini.

Na usirudie kusema habari ya mahali nilipowekwa. Ukirudia nitakuja na ile fimbo ya Baba.

Kaka yako,
Lutfi


Dumyat, 28 Julai 1986

Dada yangu mkaidi,

Salamu kutoka mji wa maseremala, kila mlango kuna mtu anapiga randa. Natumai magoti yaliyokuzuia kusafiri yamepona. Tangu lini goti humzuia mtu kukaa kwenye gari? Uliniambia safari hii ni yangu, nikakuacha. Sasa sikiliza.

Alifungua mlango mwenyewe. Akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Tanzia haikusema una kipara." Kisha akanikumbatia na hakuniachia mpaka jirani alipokuja kuuliza kuna nini. "Kuna mwanangu," akamwambia, "nenda ukamalize kufua."

Nakula bata aliyejazwa vitunguu asubuhi, mchana na jioni. Ana miaka sabini na anabishana na wauza samaki wote wa ufukweni. Nilimuuliza kwa nini hakuja kunitafuta. Alikuja mara moja, Galila, akasimama nje ya shule yangu ya msingi. Baba alipojua akaapa atanipeleka Aswan kwa ndugu zake, nisionekane tena. Basi akarudi, akabaki na gazeti. Kila walipokufa watu wao alimsimamia kaka yake mpaka aandike jina langu. Siku moja kaka yake alimwambia, "Mtoto mwenyewe hasomi." Akajibu, "Siku atakayosoma, alikute jina lake."

Nikamuuliza, na Baba alipokufa, kwa nini hukuja? Akaniambia, "Ulikuwa na mama. Ningekuja kumnyang'anya?"

Jana baada ya chakula aliniamuru nitoe kalamu. Anataka tanzia yake iwe tayari, hawaamini wapwa zake, utadhani nakusikia wewe. Nikasema Mungu akupe umri, akasema umri ataupata vizuri zaidi akishajua nini kitaandikwa. Akaanza na jina lake mwenyewe, hataki kuwa mama wa fulani peke yake siku hiyo. Nakunakilia:

"Amehamia kwenye rehema ya Mwenyezi Mungu Inayat binti Ali al-Khashabi, mama wa Mhandisi Lutfi al-Hinnawi, na mama wa Mwalimu Galila al-Hinnawi wa Tanta, jamaa na wakwe wa koo za Khashabi na Hinnawi."

Nilipofika kwenye jina lako kalamu ilisimama. Nikamwambia, huyu ana mama yake, Mungu amrehemu, na watu watauliza. "Nilikuuliza?" akasema. "Andika. Mama yake alinilelea wangu, na mimi namwandika wake. Tena yule msichana nilimshika mkono mlangoni, akanieleza habari za magari kwa upole, na macho yake yamevimba kwa kilio. Nilimtaka tangu siku ile."

Anataka uisahihishe, amesikia wewe ndiwe bingwa.

Kaka yako,
Lutfi


Tanta, 31 Julai 1986

Kaka yangu Lutfi,

Salamu kwako na kwake. Mimi sijambo. Magoti hayana neno, na hayakuwa na neno, ulijua.

Nimeisoma. Naufungua ukurasa huo tangu nikiwa na nywele mbili za kusuka, nimesoma maelfu ya watu na wake zao na mama zao, sijawahi kujikuta humo. Nilikwenda dirishani penye mwanga, nikasoma tena, kisha nikashuka nikamsomea mama Rawya, ambaye alilia kabla sijafika kwenye jina langu, maana yeye akisikia "amehamia" tu hulia.

Nimesahihisha mahali pamoja kwa kalamu nyekundu. Mmesahau ukoo wa Mansi kati ya jamaa na wakwe. Watu wa mama yangu lazima wawemo, na najua Mama Inayat hatakataa.

Nakuja Alhamisi ijayo kwa gari la asubuhi. Naleta dengu za kukaanga na halua ya hapa kwetu, aache kidogo bata wake. Karatasi nimeifungia kabatini na ufunguo ninao mimi. Mwambie bado nina maswali ya kumuuliza ya miaka mingi, na nywele zake nataka kuzisuka mwenyewe. Mwambie asithubutu kufa.

Binti yake,
Galila