Ndevu na Kipara kwenye Shamba la Shule

Ijumaa. Ukungu umekaa juu ya Mbulu hadi saa nne, na sweta yangu bado ina umande wa ngano.

Leo nimesimama mbele ya darasa zima. Mimi, ninayejibu "sijui" hata ninapojua.

Nianze na kosa langu. Shamba la shule lina ngano za aina mbili, mbegu tulizopewa na mashamba ya serikali kule Hanang. Yenye ndevu kwenye masuke tunaiita Ndevu, isiyo nazo Kipara. Kesho bwana shamba anakuja kuuliza ipi ina urefu unaolingana zaidi, maana kombaini, mashine ya kuvunia, hukata kimo kimoja, na bua fupi hubaki na suke lake. Tutakayomtajia ndiyo itakayopandwa shamba zima msimu ujao.

Jumatatu nilipima mabua arobaini ya kila aina. Ndevu ikaongoza kwa wastani, na tofauti zake zilikuwa ndogo. Mwalimu Tluway akaandika ubaoni: NDEVU. Nikapigiwa makofi.

Jana nikamkuta mama akichagua mahindi ya mbegu, zuri huku, baya kule. Nikautazama mkono wake, nikaona wangu. Kumbe shambani sikupima ngano. Nilichagua mbegu.



Basi leo nikasema, "Mwalimu, vipimo vyangu si vya kweli. Nilichukua mabua mazuri tu."

Bura, wa dawati la nyuma, akadakia: "Kumbe ulikwenda kuposa, siyo kupima!"

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya dawati. Mwalimu hakucheka. "Bura, chukua fimbo, twende shambani. Ukifika geuka, rusha bila kuangalia. Inapoangukia, mwenzako apime hapo hapo."

Tukashinda shambani. Fimbo haina macho. Iliniletea hadi vibua ambavyo mama angempa ng'ombe. Nikakokotoa kwa Kiingereza, kama kitabu kinavyotaka, kisha nikawaeleza wenzangu kwa Kiswahili. Ndevu ina majitu na vibeti. Kipara ni fupi kidogo, lakini mabua yake yote yamelingana kama wanafunzi mstarini.

Mwalimu akafuta ubao. KIPARA.

"Kesho atakayeongea na bwana shamba ni dada mposaji," Bura akasema, fimbo begani.

"Ndiye huyo," Mwalimu akajibu.

Sikukataa!

Nitampa bwana shamba shikamoo yake, kisha nitamwonyesha mabua mafupi kwanza.