Landrova Iliyokuwa Ikizima Jozani

Baba Salma, mume wangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako huko uliko anaijua aliyekuchukua. Mimi sijambo, Salma hajambo, magoti yangu ndiyo yaliyoasi, na ngazi za Michenzani hazijapungua hata moja. Nakuandikia kwa sababu landrova yako imeonekana.

Ndiyo, ile ile. Imepakwa rangi ya maziwa na viti vimevishwa ngozi ya bandia, lakini mlango wa nyuma bado una lile bonde ulilolitia Paje, siku uliyoniambia kwamba mnazi ndio uliokugonga wewe. Inauzwa Mbweni. Salma aliiona kwenye simu, akaja mbio kunionyesha. Yeye na mumewe wanataka kuitumia kutembezea wageni, kwa sababu wageni wa siku hizi wanapenda gari kuukuu la Kizungu kuliko jipya lenye kiyoyozi. Lakini amesema hanunui mpaka mimi niridhie. Anadhani nasita kwa sababu ya kutu. Hajui kwamba nasita kwa sababu yako.

Ngoja nikwambie wazi, maana ulipokuwa hai sikukwambia. Kila Jumatano ulikuwa ukienda Jambiani kukusanya mwani mkavu kwa wanawake wanaoulima, umpelekee tajiri wako ghalani Mtoni. Ulitoka alfajiri, na kwa hesabu yangu ilipoadhiniwa Alasiri ulipaswa kuwa umeshavua viatu. Wewe ulikuwa ukiingia baada ya Isha, shati limelowa, na maneno ni yale yale: "Imezima tena Jozani, mama Salma."

Jozani. Si Tunguu, si Kitogani, bali Jozani msituni, pasipo na duka wala shahidi isipokuwa kima. Mwanzo nilikuhurumia, nikakupashia chakula moto. Kisha majirani wakaanza kunitania kwenye ngazi. Bi Mwanaidi wa ghorofa ya pili alinambia, "Shoga, hiyo landrova yenu inajua kuchagua pa kufia." Nilicheka naye, nikapanda juu, nikakaa kitandani na kanga yangu mdomoni. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Halafu zikaanza kanga. Nafungua kabati, natafuta kanga yangu nyekundu yenye korosho pembeni, naona upande mmoja, wa pili haupo. Baada ya miezi, ya kijani nayo vilevile. Nilikuuliza, ukasema labda upepo umeichukua kambani. Upepo gani huo unaopanda ghorofa ya nne kuchagua kanga zangu nzurinzuri? Nikajua zinakwenda Jambiani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikiliwa na nguo zenyewe.

Sikukupigia kelele. Unanijua, mimi nanuna. Nilikuwa nakuwekea chakula bila neno, nafua shati lako bila neno, na wewe unakaa kwenye kiti chako cha kamba unanitazama. Baada ya siku mbili tatu unauliza taratibu, "Bado?" Nami nainuka naenda jikoni. Siku moja tu nilifungua mdomo, nikakwambia uchague, ama gari ama mimi. Wiki iliyofuata uliiuza, hukubisha hata kidogo. Mwanamke mwingine angefurahi. Mimi nikajiuliza, mbona kaachia upesi hivi, huyo wa Jambiani kahamia mjini nini?

Basi Jumamosi tulikwenda Mbweni, mimi, Salma na fundi Hamadi mwenye gereji Mtoni. Muuzaji anaitwa Bwana Nassor, mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, maneno yake matamu. Alitukaribisha kwa kahawa na kashata, nami nikaanza kumtilia shaka kwenye kashata ya kwanza. Anayeuza kitu kizima hana haja ya kukulisha.

Nikaizunguka gari. Ilikuwa imeegeshwa mteremkoni, pua inatazama chini, kama vile inangoja kusukumwa. Nikaweka kiganja juu ya boneti, ikawa ya moto, na sisi tumeambiwa haijawashwa tangu jana. Ndani kulinukia udi. Mume wangu, nimefukiza udi maisha yangu yote, nguo, nyumba na bi harusi, na sijaona mtu akifukiza gari ila ana harufu anayoificha. Nikamwambia fundi kwa sauti ya chini atazame chini ya zulia. Akalifunua. Bati la sakafuni lilikuwa limepakwa lami mpya, bado inanata.

"Haina neno," Bwana Nassor akasema. "Lami ni kinga tu, bi. Mambo ya chumvi hayo."

"Na kuzima je?" nikamuuliza. "Ikienda masafa, huzima?"

"Wallahi haijanizimia hata siku moja. Toka nnayo."

Salma akanitazama kwa furaha. Utanielewa au hutanielewa, sijui. Kama mtu yule alikuwa mkweli, basi wewe ulikuwa mwongo kila Jumatano kwa miaka yote ile. Na jambo la kunitisha ni kwamba nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nilikuwa nimenuna kwa miaka, na mtu aliyenuna kwa miaka anataka kujua kwamba alikuwa na haki.

Nikasema siridhii mpaka tuipeleke Jozani. Bwana Nassor akasema Jozani mbali, jua kali, tuzunguke tu mpaka uwanja wa ndege turudi. Nikamwambia, "Kama haizimi, jua linakuhusu nini?" Salma akanifinya. Tukapanda, fundi kwenye usukani, mwenye gari ubavuni mwake, mimi na Salma nyuma tukishikilia vyuma.

Ilikwenda vizuri. Nisikufiche, ilikwenda vizuri mno, na kila tulipopita kijiji nilizidi kukuchukia. Tulipopita Tunguu nilikuwa nimeshaanza kukupangia maneno ya hukumu kichwani. Kisha, hata Jozani hatujafika, ikakohoa mara mbili, ikavuta, ikakohoa tena, ikanyamaza. Fundi akaiachia iserereke mpaka pembeni mwa barabara.

"Ajabu," Bwana Nassor akasema. "Haijawahi."

Hamadi akafungua boneti, akaegemea mle ndani kwa muda. Alipoinua kichwa alinieleza mimi, si yule bwana. Alisema gari hizi za petroli za zamani pampu yake ya mafuta imekaa karibu na moto wa injini. Ikienda mwendo mrefu na jua likiwa kali, petroli inageuka mvuke ndani ya pampu, injini inakosa mafuta. Dawa yake ni kulowesha kitambaa kwa maji, kuifunga pampu, na kungoja ipoe. Kitambaa kizuri ni cha pamba, kilicholainika kwa kufuliwa.

"Kutoka Jambiani na mzigo," nikamuuliza, "ingezimia wapi?"

Akafikiri. "Mwendo kama huu tuliokuja, bi. Karibu na Jozani."

Hamadi akageuka akiuliza kama kuna kitambaa chochote. Na Bwana Nassor, yule ambaye gari lake halijazima hata siku moja, akapeleka mkono moja kwa moja chini ya kiti, bila kutazama, akavuta furushi la matambara na chupa ya maji. Alipogundua alichokifanya mkono ulikuwa umeshatoka. Salma akaangua kicheko. Mwenye gari akatazama minazi.

Mimi nilikuwa natazama furushi. Lilikuwa limelowa mafuta na limekauka na limelowa tena, jeusi lote, lakini Hamadi alipolikung'uta ukatokea ukingo mwekundu wenye korosho. Nikalichukua mkononi. Ungeweza kuniambia kanga za korosho ziko elfu, na kweli ziko. Lakini hii imepindwa kwa mkono, uzi mweusi juu ya nguo nyekundu, mishono mipana ya mtu mvivu anayetaka kumaliza. Hakuna fundi cherehani wa Darajani anayeweza kushona vibaya hivyo. Ni mimi.

Na hapo ndipo nilipojiona mjinga. Tangu lini mwanamume akampelekea mwanamke upande mmoja wa kanga? Kanga ni doti, pande mbili. Hata mwanamume bakhili kuliko wote Unguja, akitaka kuhonga, anahonga doti nzima, maana upande mmoja mwanamke atakurudishia usoni. Jambo hilo analijua mtoto wa miaka saba. Mimi nililijua pia, kila siku nilipokuwa nikifungua kabati na kuona upande uliobaki. Sikutaka kulifikiria. Ulikuwa ukichukua upande mmoja kwa sababu pampu ni moja, na ulisingizia upepo kwa sababu ulijua nitakuua nikisikia umeifunika injini kwa kanga yangu nzuri.

Usifurahi sana huko. Bado nina maswali. Hamadi alifunga kile kitambaa, tukakaa kwenye majani, nikatazama saa. Dakika ishirini na tano, ikawaka. Wewe ulikuwa ukichelewa kwa saa nne nzima. Nikamwambia fundi hivyo. Akasema ikiwa na mzigo huweza kuzima mara nne au tano njiani, na maji ya kulowesha lazima uyatafute. Inawezekana. Huyu Hamadi nawe mlikuwa mkifahamiana, na mafundi na madereva hawatupani. Wakati wa kurudi ilizima tena, mara moja tu. Nilihesabu.

Jana Salma kanijia na jibu analolitaka usoni. "Mama, tununue au tuiwache? Fundi anasema akiitia pampu ya umeme haizimi tena. Kutu ya chini anaichomelea. Na yule mzee baada ya ile aibu kakubali maneno yetu yote."

Nikamwambia nimeridhia. Lakini pampu isiguswe mpaka nimalize safari yangu moja. Hamadi ataniendesha Jumatano mpaka Jambiani, tupakie magunia kadhaa ya mwani wa mtu yeyote, turudi kwa ile pampu yako. Nataka kukaa Jozani pale ulipokuwa ukikaa, nione saa zinapitaje. Na nikiwa Jambiani nitawatazama watoto, vijana wote wa rika la Salma, nitawatazama pua moja moja. Pua yako haifichiki. Salma kacheka akadhani natania.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikae na kalamu. Ile wiki uliyokufa nilikuwa nimekununia. Sikumbuki hata sababu, nadhani ulitaja Jambiani mbele ya wageni, jina tu la mahali. Asubuhi ile ulivaa kanzu, ukasimama mlangoni, ukauliza, "Bado?" Nilikuwa nachambua mchele, sikuinua uso. Ulikwenda msikitini ukarudishwa kwenye machela. Wanawake walionizunguka kwenye eda waliniuliza, wote, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyoulizwa wajane: "Ulipata radhi yake?" Niliwajibu nimepata. Nilidanganya, nimevaa nyeupe, miezi minne na siku kumi.

Nilijifariji kwamba haikuwa na haja. Mwanamume mwenye mtu Jambiani, yeye ndiye wa kuniomba mimi radhi. Shaka ile ilikuwa mto wangu wa kulalia, baba Salma, na Jumamosi mtu ameuvuta chini ya kichwa changu.

Nitakwenda Jumatano. Nikikuta kijana mwenye pua yako, nitampa mkono, nitamwambia baba yake alikuwa mtu mpole, na wewe nitakuwa nimeshakusamehe kabla sijafika nyumbani. Hilo ni jepesi kwangu, nimelifanyia mazoezi miaka mingi. Ninachokiogopa ni kwenda Jambiani yote, mwisho wa kijiji mpaka mwisho, nisikute mtu.

Niwie radhi, mume wangu. Safari hii ni mimi ninayeuliza mlangoni, na ndani hakuna mtu wa kuinua uso.

Mkeo,
mama Salma