Mlezi Juu, Watoto Chini

Nakuru, 11 Januari 2008

Kwako Mama Wangare,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao Naftaly na wote waliokupokea huko Mai Mahiu. Sisi tuko hai. Tangu fujo za uchaguzi zianze Baba amefunga duka na hataki hata tuguse pazia. Umenilea miaka kumi na minne jikoni kwetu, kwa hivyo unanijua: nikiogopa siongei, nafanya kazi. Basi nimefanya kazi.

Watu wa kanisa waliniomba fomu ya kompyuta ya kuandikisha familia zilizokimbilia uwanja wa maonyesho, ili waliopotezana wapatane. Mlezi anaandikwa juu, watoto chini yake, na karani akibonyeza mara moja familia yote inaingia pamoja. Mtoto ni jina moja tu, la pili analichukua kwa mlezi. Shida ni kwamba mtandao unajikokota. Makarani wanachoka kungoja, wanabonyeza tena, na mtoto mmoja anaingia mara mbili. Hiyo nimeshaitibu. Jina likijirudia chini ya mlezi mmoja, programu inabakisha moja. Nilijisifu kidogo.

Kadi za simu zimeisha madukani, ndiyo maana nampa Micah wa lori barua hii. Kuna mtu wako unayemtafuta?

Mwanao,
Bhavik


Mai Mahiu, 15 Januari 2008

Mwanangu Bhavik,

Pokea salamu nyingi, na uwape wazazi. Mimi ni kifua tu, vumbi la huku halina adabu. Umekula? Najua hujala.

Ndiyo, niko na mtu. Namtafuta Sue, mjane wa kijana wangu Maina. Alikuwa Molo na watoto watatu nyumba zilipoanza kuchomwa. Jirani aliwaona wakipanda lori la kwenda Nakuru, lakini hakuhesabu vichwa. Naftaly anaziba pancha za malori hapa stendi na kila dereva anamuuliza hilo moja. Niangalizie kwa hiyo fomu yako, tafadhali, hata kama ni habari mbaya.

Mamako,
Wangare


Nakuru, 19 Januari 2008

Mama,

Natumaini kifua kimetulia. Mimi mzima, ila kila gari likisimama nje nazima taa.

Nimempata Sue! Sue Maina, kutoka Molo, yuko hapa uwanjani. Watoto wawili: Kamau na Wangare. Najua ulisema watatu. Nimeangalia mara tatu na ni wawili. Ningeenda kumuuliza mwenyewe, lakini Baba amekataa nitoke, na kusema ukweli hata mimi naogopa. Lakini hiyo orodha iamini, Mama. Nimeitengeneza kwa mikono yangu.

Mwanao,
Bhavik


Mai Mahiu, 23 Januari 2008

Bhavik,

Salamu. Afya sitauliza leo.

Wangare yupi? Wako wawili. Kwetu msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya babake, na mimi nina vijana wawili, kwa hivyo nina Wangare wawili. Mmoja ni wa Sue, ana miaka saba. Mwingine ni wa Naftaly, ana minne. Huyo mdogo mamake alifariki akimzaa. Alikuwa Molo kwa Sue tangu Krismasi.

Naftaly alisoma barua yako akiwa amesimama. Akasoma tena. Kisha akavaa koti lake la kijani. Akasema, "Mama, aliyebaki Molo ni wangu. Sue hawezi kusahau aliyemzaa."

Nilimwambia apitie Nakuru amuulize Sue kwanza. Akasema Sue yuko salama na hatatoroka, mtoto wa miaka minne hawezi kungoja. Jana asubuhi akapanda lori la mahindi linalopita moja kwa moja. Unajua barabara hiyo sasa, vijana wanasimamisha magari na kuuliza watu vitambulisho wajue kabila. Nimeogopa, mwanangu.

Mamako


Nakuru, 24 Januari 2008

Mama, Mama,

Mko salama? Micah amenipa barua yako saa nne na saa tano nilikuwa uwanjani. Baba alipiga kelele mpaka getini.

Wangare wote wawili wako na Sue. Nimewaona kwa macho yangu, wanakunywa uji kikombe kimoja. Kwa karatasi yake karani aliandika vizuri kabla ya kuingiza kwa kompyuta: Kamau, Wangare, Wangare. Ni ile sheria yangu. Iliona jina mara mbili, ikadhani ni kubonyeza mara mbili, ikamtupa mmoja. Nimeitoa hiyo sheria na kupitia karatasi za makarani moja moja. Watoto kumi na tisa nilikuwa nimewafuta. Nimewarudisha wote.

Miaka kumi na minne ulinifunga viatu, na sikuwahi kukuuliza wajukuu wako wanaitwa nani.

Nimepiga simu ya Naftaly mpaka betri ikaisha. Imezimwa. Micah anawaambia madereva wote wanaopanda kwenda Molo: koti la kijani, mtoto amepatikana, rudi. Niambie akifika.

Mwanao,
Bhavik


Mai Mahiu, 20 Februari 2008

Kwako Bhavik,

Natumaini mko wazima nyumbani. Nimekawia. Kwanza barabara zilifungwa, kisha sikutaka kukuandikia.

Sue alifika Jumamosi na lori la kanisa, na watoto watatu. Niliwahesabu kwa mkono, nikiwashika kichwa. Naftaly hajafika. Dereva wa mahindi anasema walisimamishwa kabla ya Molo na yeye akaambiwa aondoe gari. Hakuangalia nyuma. Simlaumu, ana watoto.

Wewe nilikulaumu. Nilikukasirikia siku nyingi, nikakutukana kwa Kikuyu hapa jikoni peke yangu. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyempa Naftaly ile barua asome.

Wangare mdogo anakaa getini. Lori likipunguza mwendo anasimama. Sue anasema karani alipouliza mlezi wenu ni nani, huyu alijibu mbele ya wakubwa: Baba. Karani akaandika Sue.

Sasa nataka ufungue ile fomu. Mwandike Naftaly juu, mahali pa mlezi. Miaka thelathini na mmoja, koti la kijani, alitoka Mai Mahiu akimtafuta mtoto. Chini yake weka mtoto mmoja. Jina unalijua.

Bado mamako,
Wangare