Maporomoko Yasiyokuwa Kwenye Ramani

Chuoni, Bweni la Wasichana
6 Mei 1978

Kwa Mjomba Halake,

Salaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba mama na nyumba yote ya Kiwanjani hawajambo. Mimi mwili hauna ugonjwa, ila nimeaibika.

Mwalimu wa jiografia alituambia tuandike insha kuhusu maji ya kwetu. Nikaandika yale maporomoko uliyotuhadithia tangu nikiwa mdogo, yaliyojificha msituni juu ya Isiolo, ambayo mtu anaenda na kurudi siku moja kwa miguu. Akaisoma mbele ya darasa. Akatandaza ramani, akaniambia niyaonyeshe. Hayapo. Akasema watu wa jangwani huona maji hata penye jua tupu. Sasa wananiita Bi Maporomoko.

Amenipa hadi mwisho wa muhula nilete neno la shahidi aliyeyaona, asiwe wa ukoo wetu wala rafiki yako. Nikikosa, insha ni sifuri, na kwa sifuri hiyo sitafuzu ualimu. Mjomba, kama ilikuwa hadithi ya kutulaza watoto, niambie sasa niandike nyingine. Sitakasirika.

Mtoto wa dada yako,
Bisharo


Wabera, Isiolo
15 Mei 1978

Kwa binti yangu Mwalimu Bisharo,

Aleikum salaam, na nyingine juu yake. Huku mama yako mzima, ngamia wazima, hata adui zangu ni wazima, sijui kwa nini. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa hasira.

Hadithi ya kulaza watoto? Yale maji niliyaona kwa macho haya, mwaka ule ngamia wa babu yako alipopotea. Nilifuata nyayo zake hadi kwenye msitu wa upande wa Meru, nikapanda mpaka mawingu yakawa yananishika masikio, halafu nikatokea mbele ya jiwe. Maji yanaanguka. Chukua mnara wa msikiti, weka mwingine juu yake, na wa tatu, bado maji yanaicheka. Na ngamia yuko chini anaoga kama mzungu hotelini. Mwambie mwalimu wako ramani hiyo ilichorwa na mtu aliyechoka kabla hajafika kwetu.

Shahidi nimempata. Unamkumbuka Lokol, yule Mturkana askari mstaafu, mzee wa kanisa. Mimi na yeye hatujawahi kukubaliana hata rangi ya ng'ombe aliyesimama mbele yetu. Kila jioni kwenye chai ananiambia watu wakisikia, "Halake, maneno yako yangekuwa ng'ombe, Isiolo ingebaki bila nyasi." Nimemwambia aje ayaone. Amekubali haraka sana, anataka raha ya kunirudisha mjini mikono mitupu.

Njia ya zamani msitu umeimeza, lakini usiwe na wasiwasi. Kuna mbuzi wangu mmoja nimeanza kumnyima maji. Mbuzi mwenye kiu ananusa maji mtu akiwa bado hajayaota. Hivyo ndivyo baba zetu walivyovuka nchi hii. Jumamosi yeye ndiye atakayekuwa ramani yangu.

Mjomba wako, simba wa Wabera,
Halake


Chuoni
2 Juni 1978

Mjomba,

Salaam aleikum. Je, u mzima? Hujaandika. Mama ameniletea habari kwamba mlienda na mkarudi, lakini mlichokiona hasemi, eti umemkataza.

Muhula unafungwa baada ya wiki mbili. Nimeanza insha nyingine, ya kisima. Nimefika ukurasa wa pili na hakuna sentensi hata moja ninayoipenda. Niimalize?

Bisharo


Wabera
5 Juni 1978

Mwanangu Bisharo,

Salaam, salaam, na shuka uketi. Sote wazima. Hiyo ya kisima ichane.

Kuchelewa si kwangu, ni kwa Lokol. Amekataa kuandika ushahidi mpaka asome kwanza barua yangu yote. Askari hata akistaafu hastaafu.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mbuzi mbele na kamba shingoni, mimi nyuma yake, Lokol nyuma yangu akinung'unika. Jua lilipopanda tulikuwa tumeacha miiba, tumeingia kwenye miti mirefu. Hapo akatokea nyati. Pembe kama milango. Nilimtazama, akanitazama, nikamwambia kwa Kiborana apishe watu wenye kazi. Akapisha.

Mara mbuzi akainua pua, akakata kamba, akakimbia. Nikampigia Lokol kelele kwamba tumefika. Tukamfuata mbuzi mbio, mimi na umri huu, tukapasua vichaka, tukatokea kwenye shamba la maharagwe. Mbuzi amenusa maji, ndiyo, lakini amenusa ya karibu: mfereji wa mama mmoja Mmeru. Kanywa, na sasa anakula maharagwe ya mwenyewe. Mama yuko juu yake na jembe.

Lokol akakaa chini akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema, "Haya Halake, andikia mtoto. Mwambie umempatia mfereji."

Bisharo, niliona uso wako akilini. Nikaacha kubisha, jambo ambalo Lokol mwenyewe atakuambia hajawahi kuliona. Halafu nikafikiria kama mtu wa mifugo. Maji ya mfereji hayazaliwi mferejini. Nikamuuliza mama, haya yanatoka wapi. Akanitazama kama mjinga. Akasema, "Kwani si yanatoka kwenye maporomoko? Fuateni mfereji."

Kumbe watu wa upande ule wanayajua wote, wanachota, wanaoga. Nikamwambia nashukuru kwa kunitunzia. Mbuzi nikamwachia, zawadi ya maharagwe.

Tukafuata mfereji juu. Lokol akaacha kucheka. Sauti ikaanza, kwanza kama lori la mbali, halafu ardhi ikatetemeka chini ya viatu. Tukazunguka jiwe. Mwanangu, yapo. Meupe, marefu, yanaanguka bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilivua kanzu nikaingia na kuimba. Lokol alisimama muda mrefu, halafu akaingia na viatu vyake.

Kabla ya magharibi tulikuwa mjini, tumelowa, na Isiolo yote ilitaka kujua mvua tumeitoa wapi.

Mjomba wako, ambaye hajawahi kusema uongo,
Halake

Habari Bisharo. Mimi ni Lokol. Nyati aliyetajwa hapo juu alikuwa ng'ombe wa yule mama. Mbuzi hakutolewa zawadi, alikamatwa. Minara mitatu hapana, mmoja na nusu. Huyu mtu simpendi na hilo mji mzima unajua. Maporomoko yapo. Nimeyaona, nimesimama ndani yake. Niko tayari kuapa.


Chuoni
14 Juni 1978

Kwa Mjomba wangu Halake,

Salaam aleikum. Pokea salamu zangu na za darasa zima, ambalo sasa linakujua. Nipe hali yako baadaye, kwanza nikupe hii.

Mwalimu aliisoma barua yako kwa sauti. Kwa nyati walicheka mpaka wa darasa jirani wakachungulia. Alipofika kwa Lokol, kicheko kikapungua. Akasoma "huyu mtu simpendi", akaendelea hadi mwisho. Hakuna aliyesogeza kiti. Akaniita mbele kwenye ramani. Akasema, "Weka kidole, Bisharo." Nikaweka. Akachukua kalamu yake mwenyewe akatia alama chini ya ukucha wangu.

Insha imepita, Mjomba, na mimi nimefuzu. Mwezi wa nane anawaleta wote kwa lori la chuo, na nimesema wewe ndiye utakayetangulia.

Ameniuliza yana urefu gani hasa. Nikamwambia atapima mwenyewe, akiwa chini yake, amelowa.

Mtoto wako,
Mwalimu Bisharo