Benchi ya Mlangoni

Subukia, Agosti 1957

Dada yangu Cheptanui,

Salamu zetu zikufikie huko Longonot, wewe na shemeji na watoto. Sisi ni wazima. Pareto ya mzungu imechanua vizuri, na yule ng'ombe wa mama amezaa ndama jike.

Habari nyingine inanihusu mimi, na ni heri uisikie kwangu. Kanisa limeniweka chini ya nidhamu. Akina mama wa kwaya walinikuta kwa jirani, nimeketi kando ya chungu cha pombe, mrija mdomoni, mimi mzee wa kanisa! Sasa sishiriki Meza ya Bwana. Nimewekwa benchi ya nyuma, pale mlangoni ulipokaa wewe baada ya kupika pombe ya tohara ya mwanao. Siku ile, mkono wa kwanza kuinuka kukuhukumu ulikuwa wangu.

Mchungaji aliniambia, "Kiprugut, kama Mungu angekuwa amekutupa, asingejisumbua kukuchapa." Nililia mbele ya watu. Maneno hayo nimeyashika mpaka leo.

Lakini dada, upepo wa mlango ule unapenya hadi mifupani. Mwaka mzima ulikaa pale na mtoto mgongoni, nami nikisimama mbele nikiomba, nimevaa koti. Sikuwahi hata kukutazama.

Nasikia hujaingia kanisani tangu uhame. Ukija Krismasi, twende pamoja. Wewe utakaa upande wa ndani, mimi nitakaa mlangoni.

Ndugu yako,
Kiprugut