Kuta Zinazopumua

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko mjini? Mimi mzima, ila nimechoka kubishana. Mafundi uliowatuma wamebandua chokaa yote chumbani kwangu, sasa wanapiga plasta ya saruji. Nimewaambia nyumba hii babu yako aliijenga kwa mawe na chokaa, kuta nene hata dirishani mtu anakaa kitako, na miaka tisini zinapumua. Fundi mkuu akanijibu, "Mama, sisi tunafuata maagizo ya mwenye nyumba." Kumbe mimi ni mpangaji?

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Sisi huku salama. Tafadhali waache watu wafanye kazi. Chokaa ni mambo ya zamani, kila mwaka kupaka upya. Saruji ni imara. Nakutakia mema tu.

Mwanao

22 Mei

Mwanangu,

Salamu. Goti halijambo, mgonjwa ni ukuta. Tangu mvua zianze maji yanapenya kwenye mawe, na saruji yako haiyapi njia ya kutoka. Plasta imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nguo kabatini zimeota ukungu. Hii ni barua ya tatu tangu mvua hizo, mbili za kwanza hukujibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama yako

2 Juni

Mama, shikamoo.

Samahani, kazi zimenizidi. Nimeongea na fundi, atakuja kupaka rangi ya kuzuia maji. Vumilia kidogo.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Ukuta wa chumba changu umeanguka jana asubuhi. Nilikuwa uani naanika nguo. Mawe yamelala kitandani, pale pale ninapolala mimi. Sijaumia. Hiyo rangi irudishe dukani. Nimempata fundi anayejua chokaa, ila hana msaidizi. Usitume mtu. Njoo.

Mama yako

14 Juni

Mama, shikamoo.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini. Nimeomba likizo. Nafika Ijumaa. Usiingie chumba kile.

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Ulirudi salama huko mjini? Viganja vimepona? Nilikuambia chokaa inaunguza, ukakataa glavu. Kichwa kigumu tangu utotoni. Ukuta umekauka vizuri. Fundi anasema ile kona uliyoijenga peke yako imepinda, anataka aibomoe airudie. Nimemwambia akiigusa tutakosana. Kitanda changu nimekiweka hapo hapo.

Mama yako